Mume wangu anasema halipi ada ili watoto wakachezee udongo

Shikamoo Shangazi, na pole na majukumu. Naomba jina langu usilitoe, niandike tu Mama Watatu wa Tabata, maana mume wangu naye anasoma safu hii japo anajifanya hasomi.

Nina watoto watatu. Kifungua mimba ni wa kiume ana miaka 14 yuko kidato cha kwanza, wa kati binti ana miaka 9 yuko darasa la nne, na mwaka huu ana ule upimaji wa taifa kwa hiyo nyumba nzima tuna mtihani sio yeye peke yake, halafu kitinda mimba ana miaka 4. Tumepanga kwenye kampaundi ya nyumba tatu, geti moja, chini yote ni peving, mti hata mmoja hamna. Mwenye nyumba kashasema hataki mpira kwa sababu ya vioo vyake. Nje ya geti ni barabara ya vumbi bodaboda zinapita hazijui breki, na pembeni kuna kiwanja cha mtu kina pagale, watoto wa mtaa ndio wanachezea huko, wanangu wanawachungulia kwenye tundu la geti.

Maisha yao ni basi la shule saa kumi na moja na nusu alfajiri, kurudi saa kumi jioni, homuweki, kula, katuni, kulala. Jumamosi twisheni mpaka saa nane mchana. Jumapili kila mtu na kioo chake, mkubwa gemu za simu, wadogo tableti. Sio kwamba sijajaribu Shangazi. Nimewapeleka kwenye zile sehemu za michezo za kulipia huko mall, unalipa kwa saa, wanarukaruka, saa ikiisha wanalia na mimi hela ya mboga ya wiki imeondoka. Nimewanunulia yale maboksi ya kukata na kubandika, wakafuata picha ya kwenye boksi, wakamaliza, ikawa basi, boksi liko chini ya kitanda mpaka leo.

Sasa kisa chenyewe. Baba mkwe wangu alikuja kukaa na sisi kutoka Pangani baada ya mama mkwe kufariki. Kule alikuwa fundi seremala. Hapa kwetu hana kazi yoyote, anakaa barazani na redio yake asubuhi mpaka usiku. Jumamosi moja mwalimu wa twisheni akaumwa, watoto wakabaki nyumbani. Jirani anajenga na alikuwa amemwagiwa mchanga nje ya ukuta, basi babu akaenda kumuomba ndoo moja, akawatuma wale wadogo na dada wa kazi wakachote udongo mwekundu pale kwenye kiwanja, wakafungulia bomba wakaanza kufinyanga majiko. Mimi niko jikoni nasikia tu vicheko. La kwanza walilianika juani, adhuhuri likawa limeshapasuka, binti akanuna. Babu hakusema neno, akaendelea na redio yake. Baadaye binti mwenyewe akaanza kuongeza mchanga kwenye udongo, ndipo babu akampa nyasi kavu akamwambia zikatekate uchanganye. La pili halikupasuka! Dada wa kazi vyombo kaviacha, naye yuko matopeni anamfundisha mdogo kusonga ugali wa mchanga. Mkubwa akatoka chumbani kuwarekodi kwa simu awacheke, nilipochungulia tena simu iko dirishani, yeye anachekecha mchanga na kipande cha wavu wa dirisha la zamani. Sijawahi kuwaona wale watatu wamekaa pamoja kutwa bila kugombana.

Baba watoto akarudi. Peving nyekundu, nguo nyekundu, yule mdogo tope mpaka ndani ya masikio. Akafoka mbele ya baba yake mzazi, silipi ada yote hii ili watoto wakachezee udongo, wangetaka udongo ningewapeleka Pangani. Babu akanyamaza akaenda kunawa. Tangu siku hiyo anaitikia salamu tu, na juzi kaniambia polepole nimtafutie nauli arudi kwake. Jiko nimelificha nyuma ya simtanki.

Shangazi, mume wangu si mtu mbaya, anapambana sana. Lakini ni kweli hii michezo ni kupoteza muda na mtoto ana mtihani? Na kama sio kupoteza muda, nawachezesha wapi kwenye hii peving, na mimi mwenyewe natoka kazini narudi saa moja usiku kwa foleni? Na huyu wa miaka 14 ameshakuwa mkubwa, kweli atacheza? Babu naye nimwambie nini?

Mama Watatu, Tabata

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Na wewe baba watoto unayejifanya husomi, karibu, kaa hapo pembeni usikilize, leo sikugombezi sana.

Naanza na jiko. Kwanza litoe huko nyuma ya simtanki, lirudishe juani likaukie vizuri siku kadhaa, kitu kizuri hivyo unakifichaje? Halafu jioni moja mume wako akiwa ameshakula, ameshapoa, usimpe mhadhara, mwambie tu amuulize binti yake kwa nini jiko la kwanza lilipasuka na la pili halikupasuka. Basi. Usimsaidie mtoto kujibu. Atamwambia baba yake kwamba udongo mtupu ukikauka unasinyaa, na nje kunakauka kabla ya ndani ndio maana unachanika, mchanga hausinyai kwa hiyo ukichanganya ule mvutano unapungua, na nyasi zinashikilia pale ufa unapotaka kuanza. Labda hatasema kwa maneno haya, atasema kwa ya kwake, lakini atasema, kwa sababu amelishika kwa mikono yake na likamuudhi kwanza. Babu zetu nyumba za udongo walizijenga kwa akili hiyo hiyo. Mtoto wa darasa la nne anayeweza kukueleza kwamba nilibadilisha mchanganyiko nikaona matokeo yakabadilika, huyo sayansi anayo mkononi, na baba mtu ada yake haijapotea hata shilingi.

Na umeona babu alichofanya? Jiko limepasuka, mtoto kanuna, mzee kanyamaza na redio yake. Wengi wetu tungeruka pale, oh mwanangu ungefanya hivi, lete nikuonyeshe. Yeye kasubiri mpaka mtoto mwenyewe kajaribu mchanga ndipo akaleta nyasi. Mwanangu, watu wanasoma vyuo miaka mingi kujua wakati gani wa kufunga mdomo na wakati gani wa kumpa mtoto nyasi, wewe unaye barazani bure na anataka kuondoka! Ndio maana yale maboksi ya dukani yaliisha siku moja, picha ya mwisho ilishachorwa kwenye kifuniko, mtoto kazi yake ilikuwa kutii tu.

Sasa hili la kupoteza muda. Tuanze na mwili maana huo haubishani. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo wa watoto wa chini ya miaka 5, wa umri wa kitinda mimba wako anatakiwa dakika 180 za kujisogezasogeza kwa siku, na katika hizo 60 ziwe za kuhema kweli, na kukaa mbele ya kioo isizidi saa moja. Hao wakubwa wawili, kuanzia miaka 5 mpaka 17, wanatakiwa wastani wa dakika 60 kila siku za kutoa jasho. Hesabu ratiba yako uniambie hizo dakika 60 ziko wapi, labda zile za kukimbilia basi la shule.

Halafu macho. Kule Guangzhou, China, walifanya utafiti kwenye shule 12, matokeo yakatoka mwaka 2015, watoto wa darasa la kwanza wa nusu ya shule zile wakaongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule, wengine wakaendelea na utaratibu wao wa kawaida. Baada ya miaka mitatu, kati ya kila watoto 100 waliotoka nje kama 30 ndio walipata ule ugonjwa wa kutoona mbali, kwa wale wengine ilikuwa karibu 40. Mwanga wa nje tu huo, wala sio dawa. Kwa aliyekwisha kuanza kuvaa miwani mwanga wa nje hautaivua, ila yule binti wa miaka 9 anayeinamia madaftari wiki nzima na Jumamosi tena, mpe jua kabla hujaanza kumnunulia miwani.

Na kama baba watoto ni mtu wa karatasi na sheria, mwambie Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ya hapa hapa Tanzania, inataja haki ya kucheza na kupumzika kwenye orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Haikuwekwa chini kwenye mengineyo. Lakini usianze nayo hiyo, mwanaume akitajiwa sheria nyumbani kwake anavimba, anza na jiko.

Mimi simshangai mumeo. Mtu amesoma kwa shida, pengine huo udongo wa Pangani aliucheza kwa sababu hapakuwa na kingine, leo anaamka saa kumi anahangaika ili wanawe wakae kwenye dawati zuri, anarudi anakuta tope lile lile. Ile hasira ni woga. Anaogopa watoto watarudi alikotoka yeye. Kwa hiyo usibishane naye kuhusu udongo, mhakikishie kuhusu mtihani. Upimaji wa darasa la nne huwa ni mwezi wa kumi, kubalianeni Jumamosi twisheni iishe saa nne au saa tano asubuhi, sio saa nane, mtoto aliyekaa darasani siku tano kisha akakaa tena Jumamosi mpaka mchana, hizo saa za mwisho anakuwa amekaa mwili tu. Jumapili isiwe na twisheni wala homuweki mpya. Na msiufanye mchezo uwe zawadi ya kumaliza hesabu, maana mtoto mzito wa hesabu ndiye anayehitaji kukimbia zaidi na ndiye mtamnyima kila siku.

Haya, wapi sasa. Peving haijaua mtu. Nunua chaki pakiti moja na kamba ya manila, umemaliza nusu ya kazi. Kuruka kamba hakuvunji kioo. Rede mpira wake ni wa soksi umejazwa matambara, hata ukigonga dirisha dirisha linacheka tu, muonyeshe mwenye nyumba huo mpira aushike mwenyewe ndio umuombe ruhusa. Mdako unachezwa umekaa, mawe kumi na ushee na kaduara ka chaki badala ya shimo. Kombolela inataka kopo moja na pa kujificha, nyumba tatu zinatosha kabisa. Na dada wa kazi usimsahau, umesema mwenyewe aliacha vyombo, huyo naye ni mtoto wa watu juzi juzi tu alikuwa anacheza kwao, na naamini anajua michezo ambayo wewe na mimi tumeshaisahau. Mpe saa yake ya jioni na watoto ihesabike kuwa kazi, sio aibe muda halafu agombezwe vyombo.

Udongo unataka pembe yake. Turubai la zamani au mabati mawili chini, beseni, ndoo moja ya mchanga, ndoo ya udongo, nguo za tope zitengwe, zile fulana zilizochoka, na ndala. Wakimaliza wanamwaga maji wanafagia wenyewe, peving inarudi rangi yake kabla baba hajapiga honi getini. Mwanangu hapa nitakuwa mkali kidogo, udongo uchotwe sehemu safi, sio mtaroni wala karibu na chemba, na wasiingie kwenye madimbwi na mabwawa kwa sababu ya kichocho. Mikono kwa sabuni na kucha fupi, dawa za minyoo wapate kwa wakati wake. Jua la saa sita mpaka saa tisa la Dar waache wakae kivulini. Jioni kigiza kikianza kuingia ndani wote, mbu hawana huruma.

Kile kiwanja cha pagale sitakwambia uwaachie leo hii, wala sitakwambia wachungulie tundu la geti mpaka waoe. Nenda kwanza wewe na mumeo mtembee ndani polepole mnaangalia chini. Misumari, vioo, nyaya, na zaidi ya yote shimo la choo lililochimbwa likaachwa wazi au limefunikwa na bati bovu, hilo ndilo linaloua watoto mapagale ya mjini. Mkilikuta, mwenyekiti wa serikali ya mtaa aambiwe na mwenye kiwanja atafutwe, na mpaka lizibwe hakuna kwenda. Likizibwa, zungumza na wazazi wa wale watoto wa mtaa, maana wapo na wao wanaogopa vitu vile vile unavyoogopa wewe, mpeane zamu, kila jioni mtu mzima mmoja na kiti chake cha plastiki anakaa pale. Hachezeshi watu, anakaa tu aonekane. Watoto wajue hakuna kwenda na mtu yeyote ndani ya pagale hata akiwa anko wa nani, na wajue namba 116, ile huduma ya simu kwa mtoto, ni bure. Mumeo atasema huko kuna wahuni. Muhuni akiona mama mtu mzima kakaa na macho yake anatafuta mtaa mwingine.

Nije kwa kijana. Unauliza ana miaka 14 kweli atacheza, wakati umeniandikia mwenyewe kwamba aliacha simu dirishani akachekecha mchanga! Umri huo hawapendi kuambiwa njoo ucheze, ukimwambia hivyo umemuita mtoto, kashaondoka. Umri huo wanataka kifaa cha kweli na kazi yenye hatari kidogo. Mwaka 1943 Denmark ikiwa imekaliwa na Wajerumani, pale Emdrup kwenye jiji la Copenhagen walifungua uwanja wa watoto ambao haukuwa na bembea, ulikuwa na mbao chakavu, matofali, nyundo na misumari, watoto wakawa wanajijengea vibanda wenyewe. Aliyetoa wazo hilo, C. Th. Sørensen, alikuwa mbunifu wa bustani na viwanja, ameshabuni viwanja vizuri vizuri halafu akaona watoto wanapendelea kuchezea sehemu za ujenzi na vitu vilivyotupwa. Mimi nikisoma hiyo nacheka, maana kijana wa Kitanzania aliyetengeneza gari la waya lenye usukani mrefu na matairi ya ndala zilizokatika hakumsubiri Mdenishi. Ila wenzetu waliliandika na kulitengea kiwanja, sisi tunaliita uchafu.

Basi kijana apewe msumeno, randa na mbao, na mwalimu yuko barazani. Kazi ya kwanza iwe bao. Bao la kweli, mashimo 32, safu nne za nane nane, ile nyumba, yaani shimo kuu la kila mchezaji, ichongwe ya mraba kama inavyotakiwa. Kupima mbao ili mashimo 32 yakae sawa bila moja kubanwa pembeni ni hesabu ambayo hakuna wa kumnong'oneza jibu. Kete 64, mtu akitoka Pangani amletee babu komwe, zikikosekana vikokoto vya kwenye ule mchanga wa jirani vinatosha. Na likishakamilika kila mtu ana pa kukaa. Kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi, kumi ziko tayari ubaoni, sita ndani ya nyumba na mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata, na kuanzia hapo binti wa darasa la nne atajifunza kuhesabu mbele kete itaishia wapi kabla hajaigusa, la sivyo babu atammaliza mchana kweupe. Simu asinyang'anywe. Arekodi babu anavyochonga, atume kwa ndugu kule, waone mzee wao yuko kazini.

Siku ambayo hamna mbao, tengenezeni tiara, hii hata wewe uliyechoka Jumapili unaweza. Toa njiti mbili za chelewa kwenye ufagio, chagua zilizonyooka. Ndefu isimame, fupi ilale juu yake kwenye theluthi ya kutokea juu, funga kwa uzi pale zinapokutana kisha zungusha uzi ncha kwa ncha upate umbo. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, gazeti linatosha sana, tena jepesi. Gundi ni unga wa ngano uliopikwa uji mzito, kitinda mimba wako wa miaka 4 ndio kazi yake hiyo kupaka na kujipaka. Kunja pembeni juu ya uzi, bandika, acha ikauke kabisa, watoto hapa ndipo wanapokosa subira wakairusha mbichi ikachanika. Mkia matambara. Ikipaa inazunguka zunguka na kujitupa chini, ongeza mkia. Ikigoma kupanda, umeijaza gundi imekuwa nzito, au upepo hamna. Wapelekeni Coco Beach jioni ufukweni pale upepo upo na nafasi ipo na hakuna anayekukatia tiketi ya saa. Mtaani kwenu usithubutu, nyaya za umeme zimepita kila mahali, na tiara ikinasa kwenye waya imeshaenda, hakuna kuifuata kwa mti wala kwa fito.

Kuna Kijiji cha Makumbusho pia, Kijitonyama barabara ya Bagamoyo, kipo tangu miaka ya 1960, nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake, unaingia ndani. Mpeleke binti baada ya haya mambo ya jiko, mwache asimame ukutani aangalie udongo ulichanganywa na nini, na baba yake awepo, babu awepo. Kiingilio kipo ila sio cha kukukosesha mboga.

Wewe na foleni yako ya saa moja usiku, mwanangu usijibebeshe. Mama sio lazima awe mchezeshaji. Siku za kazi dada na babu wanatosha, wewe kazi yako ni kuhakikisha ndoo ya mchanga ipo na hakuna wa kuwagombeza. Jumapili kaa nao nusu saa, ruka kamba mbili tatu uone magoti yako yanasemaje, watoto watacheka wiki nzima.

Na babu. Hapa msikilize vizuri Shangazi, nauli usitafute, na wewe usiende kumuomba msamaha kwa niaba ya mumeo. Maneno yalitoka kwa mtoto wake wa kumzaa mbele ya wajukuu, na yeye ndiye atakayeyafuata. Asiandae hotuba. Wazee wengi wa pwani ukiwaletea samahani ndefu wanakwambia yaishe tu na haiishi. Mumeo aende barazani amwamkie, akae, amwambie baba kijana wako anataka kujifunza useremala na mimi sijui hata kushika randa, nisaidie. Ni kweli hajui, si uongo wa kumbembeleza. Mzee aliyefiwa na mkewe, akahamishwa mji, akapokonywa kazi, akabakiziwa redio, anahitaji sababu ya kuvaa viatu asubuhi. Hata hao wa Shirika la Afya Duniani wanasema watu wa miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya kuimarisha viungo na kujishikilia wasianguke angalau siku tatu kwa wiki, na mimi sioni zoezi linalozidi kuinama kuchota mchanga, kusimama, kupiga randa, na kumkimbiza mjukuu aliyekimbia na kete.

Mkubwa naye aende na baba yake na babu siku hiyo, wote watatu wakanunue vifaa huko Buguruni kwenye mafundi, msinunue kwenye simu. Na kabla hamjalipia msumeno mwacheni babu auchague yeye mwenyewe, baba watoto asijitie kujua akarudi nyumbani na wa kukatia chuma.